UKURASA WA VIJANA: Usimzike mtu angali hai

Wenye wagonjwa nyumbani, poleni sana, na leo ukurasa huu ni wenu zaidi.

Katika sanduku letu la barua pale shuleni nilikuta karatasi moja isiyo na jina. Mwandishi anasema anampenda mtu ambaye ni mgonjwa sana, ugonjwa wa kutopona. Nyumbani wanamwambia amwache, eti yule hana maisha tena. Anauliza: "Mwalimu, nifanye nini?"

Nimeisoma hiyo karatasi mara nyingi. Sikutaka kuijibu haraka haraka, kama mtu anayejibu hesabu ubaoni. Swali hilo nilikwisha kukutana nalo mimi mwenyewe kule Bujumbura, na siku ile nililijibu vibaya. Kwa hiyo leo nitaanza na kosa langu. Majina nayaacha. Wanaowajua watawajua, na familia zote mbili zimekubali niandike.

Kulikuwa na kijana wa miaka 22, kinyozi. Kazi yake aliifanya chini ya mparachichi: kiti kimoja cha plastiki, kioo kilichokatika kona, mkasi, kitana na wembe. Alimpenda binti mmoja anayeuza mandazi njiani kuelekea bombani. Wazee walikuwa wamekwisha kwenda kuposa, na mbuzi wa kwanza wa mahari alikuwa amefika. Alibaki wa pili.

Halafu goti lake likaanza kuuma. Tulikuwa tunacheza mpira pamoja, basi sote tukasema ni teke la uwanjani. Akakandwa na maji ya moto, akapakwa majani. Mchana anavumilia, usiku halali. Goti likavimba mpaka suruali haipandi tena. Zahanati ikamtuma hospitali ya mkoa, na mkoa ukamtuma Bujumbura. Baba yake alifariki zamani, mama yake ana watoto wadogo, ndiyo maana wakaniomba mimi nimsindikize, kwa kuwa Kifaransa changu cha sekondari kinanisaidia kidogo kuongea na madaktari.

Mnaojua mnajua: ukilazwa mjini bila mtu wa kukuuguza ni shida kubwa. Muuguzaji ndiye anayepika, anayefua, anayekimbia duka la dawa. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Baada ya vipimo daktari akaniita pembeni. Akasema ni kansa ya mfupa, na kwamba imekwisha kufika kwenye mapafu. Akanieleza kuwa aina ile hupenda kuwashika vijana wanaokua, na mara nyingi huanzia karibu na goti, ndiyo sababu watu hufikiri ni jeraha la mpira. Teke halileti kansa. Teke linafanya tu tuangalie mahali ambapo ugonjwa ulikuwa umekwisha kuanza. Akasema kuponya hawawezi tena, lakini maumivu wanaweza kuyapunguza.

Nikampigia simu baba yake mdogo kambini. Akanyamaza kidogo, kisha akaniambia: "Mwalimu, usimwambie. Na yule binti asijue kabisa. Sema ni malaria na damu kidogo." Nikasema: sawa, baba.

Hilo ndilo kosa langu. Kila jioni binti alipiga kwa simu ya jirani, na kila jioni nilimjibu kwamba mgonjwa anaendelea vizuri. Wiki tatu nzima! Siku moja akatuma barua kwa mtu anayekuja mjini. Nikaiingiza ndani ya mfuko wangu, nikafunga zipu. Nilijiambia kwamba ninamlinda. Kumbe nilikuwa ninajilinda mimi, nisione machozi.

Usiku mmoja kijana akaniita. Taa zilikuwa zimezimwa. Akasema: "Mwalimu, mimi ninanyoa watu. Kila siku ninaangalia nyuso zao ndani ya kioo. Unafikiri sijui kusoma uso? Wako ni wa mtu aliyetoka makaburini. Niambie."

Nikamwambia yote. Hakulia. Aliniuliza mambo mawili tu: ni muda gani umebaki, na kama binti anajua. La kwanza sikuwa na jibu. La pili nikasema hapana. Hapo naye akaingia kosa lile lile. Akasema: "Basi mwambie nimepata msichana mwingine hapa mjini. Atakasirika, atanisahau, ataolewa na mtu mzima."

Kitanda cha jirani alikuwapo mzee mmoja, na mke wake, mama wa Buyenzi, alikuwa akimuuguza. Mnajua Buyenzi, ule mtaa wa Waswahili wa Bujumbura. Yule mama hakuwa amelala. Akainuka kwenye mkeka wake, akajifunga kitenge, akatuambia kwa sauti ya chini: "Nyinyi watoto wangu, hebu nisikilizeni. Mwalimu alikuwa anakuzika wewe. Sasa wewe unataka kumzika yule msichana. Yeye ni mtoto mchanga, mkamchagulie? Kwetu watu walizikwa hivyo wakiwa hai, na tuliwapoteza wengi kabla ya kujifunza."

Ndipo akatueleza habari ya Jeanne Gapiya. Baadaye niliisoma na kuuliza, nikaona alisema kweli. Jeanne Gapiya-Niyonzima ni mama wa Burundi aliyezaliwa mwaka 1963. Akiwa bado kijana, ukimwi, au sida kama tunavyosema huku, ulimchukulia mtoto wake aliyekuwa na miezi 18, ukamchukulia mume wake, na baadaye dada yake. Naye mwenyewe alikuwa na virusi. Miaka ile kusikia jina la sida ilikuwa sawa na kusikia kwamba jeneza limekwisha kupigwa misumari. Dawa hazikuwepo. Watu waliachwa na wachumba, walipewa sahani yao peke yao, walifukuzwa nyumbani.

Katikati ya miaka ya 1990, Jeanne alikuwa kanisani siku moja, akamsikia mhubiri akisema tuwahurumie wagonjwa wa sida kwa kuwa wametenda dhambi na sasa wanakufa. Jeanne hakuvumilia. Alisimama mbele ya watu wote akasema kwamba yeye ana virusi, na kwamba hakuwa na mwanamume mwingine isipokuwa mume wake. Alikuwa Mrundi wa kwanza kusema hadharani. Pamoja na wenzake alianzisha chama cha kuwasaidia wenye virusi, ANSS, na mwaka 1999 kikafungua kituo Bujumbura. Kituo kile kikaitwa Turiho. Kirundi hicho, maana yake: tupo, tuko hai.

"Turiho," yule mama alirudia. "Hawakusema tumepona. Walisema tupo. Na huyu mtoto yupo. Mwambieni mwenzake kwamba yupo."

Wasomaji wangu, nami niongeze habari moja ya Uganda, kwa kuwa nayo ni habari ya watu wawili waliopendana. Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kwenye hospitali ya Mulago, Kampala. Mume wake, Christopher, alikuwa masomoni Uingereza, na mwaka 1986 akapatikana kuwa na ukimwi. Noerine alipanda ndege akaenda kukaa naye kitandani. Huko aliona wauguzi wanamgusa mume wake na kuongea naye kama mtu. Waliporudi Uganda akaona watu wanaogopa. Christopher alifariki mwezi wa kwanza 1987. Mwaka ule ule Noerine na wenzake 15 wakaanzisha TASO, chama kilichofundisha watu kuishi vizuri na ugonjwa na kufa kwa heshima. Wengine kati yao walikuwa wagonjwa wenyewe.

Angalieni jambo moja. Jeanne hakupewa jibu kwa nini mtoto wake alikufa. Noerine hakupewa jibu kwa nini Christopher. Lakini upendo waliokuwa nao haukukaa bila kazi. Na leo mtu mwenye virusi akimeza dawa zake kila siku anaishi miaka mingi, anaoa, anazaa mtoto asiye na virusi. Wale waliosema "hana maisha tena" walikosea, hata kuhusu ugonjwa wenyewe.

Kansa ya kijana wetu haikuwa hivyo. Hatukuwa na dawa ya kumrudisha. Lakini siku iliyofuata nilipiga simu, nikampa yeye mwenyewe aongee. Binti alinyamaza muda mrefu, mpaka tukafikiri mtandao umekatika. Halafu akasema neno moja: "Ninakuja."

Kuja nako kulikuwa na safari yake. Ili mtu atoke kambini anahitaji kibali, na kwenye kibali unaeleza unakwenda kwa nani. Si mke. Si dada. Mbuzi mmoja tu ametolewa! Baba yake mzazi hakutaka, na mimi simlaumu, alikuwa anaogopa binti yake abaki mjane kabla ya kuwa bibi arusi. Mwishowe mama wa kijana alikwenda mwenyewe kusema: huyu ni mtoto wangu, anakwenda kwa kaka yake. Baada ya siku nne akafika Bujumbura jioni, na ndoo ndogo ya mandazi.

Kitu cha kwanza aliniuliza mimi. Hakupiga kelele. "Mwalimu, barua yangu iko wapi?" Nikafungua zipu ya mfuko. Sijawahi kuona aibu kama ile, hata siku niliyoanguka mtihani. Akaichukua, akakaa kitandani, akamsomea mwenyewe. Mimi nikatoka nje.

Sasa nataka niwaambie walifanya nini katika siku zile, maana watu hufikiri mapenzi ya mgonjwa ni kulia tu.

Yule mzee wa Buyenzi alikuwa na ndevu za wiki nyingi. Akasema wajukuu wake wanakuja Jumapili, hataki wamkute kama mwizi wa msituni. Kijana akasikia. Akaniomba nimtafutie wembe na mkasi. Tukamuinua, tukamwekea mito mgongoni, mzee akasogezwa karibu, binti akashika beseni na kioo. Ndevu zikaondoka. Wagonjwa wengine wakaona. Kesho yake wawili wakauliza kama kinyozi yupo. Kesho kutwa wakawa wanne.

Siku moja mchungaji alipita kuwaombea wagonjwa, kijana akamuuliza: "Kwa nini mimi?" Mchungaji alikuwa mtu mkweli. Akasema: "Sijui, mwanangu." Wakakaa kimya kidogo. Halafu kijana akasema: "Sawa. Na mimi sijui. Lakini leo nina vichwa vitatu vya kunyoa."

Mimi nilisoma mpaka sekondari tu, falsafa siijui. Lakini tangu siku ile, mtu akiniuliza maana ya maisha ni nini, ninakumbuka vile vichwa vitatu.

Asubuhi baada ya mvua, ukisimama barazani, unaona ziwa Tanganyika, na ng'ambo milima ya Uvira iko wazi kabisa. Wote wawili walizaliwa upande ule, walikimbia wakiwa wadogo. Aliomba tumtoe na kiti, wakawa wanaonyeshana: kwenu ni pale, kwetu ni nyuma ya kile kilima. Wakibishana. Wakicheka. Walikuwa vijana wawili wachumba, kama wengine wote.

Mkono wake ulipoanza kutetemeka, binti alimshika kifundo akanyoa hivyo hivyo. Baadaye mkono ukakataa kabisa, yeye akawa anaelekeza kwa mdomo na binti ananyoa. Maumivu daktari aliyashughulikia, akabadilisha dawa mara mbili mpaka akapata ya kumwezesha kulala. Wiki ya tano alifariki alfajiri, binti akiwa amemshika mkono, na mama wa Buyenzi akimfunga macho.

Kwenye matanga baba wa binti alikuja na yule mbuzi wa mahari, kumrudisha. Mama wa kijana akakataa. Akasema: "Mkwe wangu alikuja, akamuuguza mwanangu. Mbuzi huyu si wa kurudi." Wazee wakashauriana, mbuzi akachinjwa siku ya mwisho ya matanga, familia zote mbili zikala pamoja.

Basi wewe uliyeandika karatasi, sikuambii baki, wala sikuambii ondoka. Jibu hilo ni lako na la huyo umpendaye, na ukiona huwezi kubaki, hiyo si dhambi, ila umwambie mwenyewe uso kwa uso, kwa upole. Lakini kwenu nyote, mgonjwa, mpenzi na wazazi, nina mambo matano niliyojifunza kwa aibu yangu.

Kwanza, ukweli. Mgonjwa mara nyingi anajua kabla yetu. Tukimficha, tunamwacha peke yake na jambo analolijua. Muulize kwanza anataka kujua kiasi gani, kisha mjibu.

Pili, msiwachagulie. Mchumba ana haki ya kujua na ya kuamua, kama ni mtu mzima. Uongo wa huruma nao ni uongo. Na wewe mgonjwa, usimfukuze mtu kwa niaba yake mwenyewe. Muulize.

Tatu, mpeni kazi. Amenye maharage, amsikilize mtoto akisoma, amfundishe mtu ufundi wake. Mgonjwa anayepokea tu kila siku huanza kujiona mzigo.

Nne, maumivu si lazima. Muulizeni daktari au muuguzi juu ya dawa za maumivu, msiogope. Hata morfini, ambayo watu wanaiogopa, iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Kule Uganda, tangu daktari Anne Merriman alipoanzisha hospisi yake Kampala mwaka 1993, wagonjwa wengi wamepewa morfini ya maji ya kunywa wakiwa nyumbani kwao. Hiyo inatolewa kwa kipimo cha mganga aliyefundishwa, si ya kununua njiani.

Tano, msitenge sahani. Kansa haiambukizi kwa kikombe, wala kwa kushikana mikono, wala kwa kulala chumba kimoja. Na goti au mfupa unaouma usiku na kuvimba kwa wiki nyingi, usiukande nyumbani tu. Mpeleke mtoto akapimwe mapema, maana mapema ndipo kuna matumaini zaidi ya kupona.

Watu wananiuliza yule dada yuko wapi sasa. Yupo hapa hapa kambini, anauza mandazi asubuhi. Lakini wiki moja kabla shule kufunguliwa, pitieni chini ya mparachichi. Mtakuta kiti kile cha plastiki na kile kioo kilichokatika kona, na watoto wamepanga mstari. Anayenyoa ni yeye. Mtoto asiye na pesa ananyolewa vile vile. Wanafunzi wangu wote nimewatuma pale, na mimi mwenyewe ninanyolewa pale. Hajawahi kunitaja tena ile barua. Ila kila nikikaa kwenye kiti, ananiangalia ndani ya kioo, na mimi najitahidi kuwa na uso wa mtu msema kweli.

Mwenye swali au jibu kwa ndugu yetu wa karatasi, aandike aweke sandukuni pale shuleni. Jina si lazima. Tuonane mwezi ujao, Mungu akitujalia.

Ni mimi mwalimu wenu.